Kununua bunduki mpya ya leva: hela yako inaenda wapi na uangalie nini kabla hujalipa

Msimu wa kulungu kwa bunduki huku Wisconsin, Marekani, unafunguliwa Jumamosi moja kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Novemba, siku tisa basi, na kila mwaka ikifika Septemba simu zinaanza, Wabongo, Wakenya, Wakongo wa huku wanaotaka bunduki yao ya kwanza, na swali ni lile lile, kaka nichukue ipi na nisizidishe shilingi ngapi. Wengi wanataka ya leva, yaani ile yenye mkono chini ya triga unaousukuma mbele halafu unaurudisha, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Nawaelewa kabisa. Ni nyembamba, ukiishika katikati inakaa kwenye kiganja vizuri hata ukitembea nayo kutwa nzima, na kwenye misitu ya huku iliyofungana kulungu mara nyingi unamwona akiwa yadi 50 au 80 tu, hauhitaji bunduki ya kupiga ng'ambo ya bonde. Nimeongea haya kwa simu mara nyingi sana, acha niyaandike yote mahali pamoja.

Kwanza kisa changu maana ndo kimenifundisha. Ya kwanza niliinunua kwa jina. Jina lile nilikuwa nalisikia kwa wazee wa kazini wanaowinda tangu wakiwa watoto, nikaingia dukani nikaliona limechongwa kwenye mtutu, nikatoa hela bila hata kuivuta leva mara mbili. Novemba ile kulungu katokea, nikapiga nikakosa, nikavuta leva, risasi ya pili ikakwama, nusu iko chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, nusu iko nje, mnyama kasimama pale ananitazama na mimi nahangaika na kidole gumba mpaka akajiondokea zake. Fundi bunduki alipoifungua akanionyesha kingo za ndani zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado na makali, hakuna mtu aliyezipitishia tupa, na saiti ya mbele, kile kinundu cha kulengea, ilikuwa imelalia upande, kitu ambacho ningekiona mwenyewe pale kaunta kwa nusu dakika kama ningejua kuangalia. Jina la kampuni silitaji. Ninachotaka ujue ni kwamba vitu vyote viwili vilionekana kwa macho na mikono kabla ya kulipa, na ndo maana nawaambia watu wanunue ile bunduki moja iliyo mbele yao na sio jina.

Na majina ya bunduki hizi yamehama mikono kweli kweli. Chukua Winchester. Ile modeli ya 1894, iliyobuniwa na John Browning, ndo bunduki ya kulungu ya Marekani kwa miaka mia na zaidi, lakini kiwanda cha New Haven, Connecticut kilifungwa 2006. Winchester mpya za leva unazoziona dukani leo zinatengenezwa Japani na Miroku. Kuna watu wakisikia Japani wanakunja uso, na hapo wanakosea, kazi ya Miroku ni safi, chuma na mbao vimekutana mpaka ukipitisha ukucha hausikii mpaka. Marlin nayo, hao walikuwa North Haven hapo hapo Connecticut, 2007 Remington wakainunua, kiwanda cha zamani kikafungwa na kazi ikahamishiwa kwenye viwanda vya Remington, na bunduki za miaka ile ya mwanzo baada ya kuhama zililalamikiwa sana, wawindaji wanalijua hili wote. Remington ikafilisika 2020, Ruger wakainunua Marlin kwa kama dola milioni 28, wakaipeleka Mayodan, North Carolina, na ya kwanza ikatoka Desemba 2021. Hizi za Ruger ni kazi nyingine kabisa, mitutu imefuliwa kwa nyundo, namba yake inaanza na RM, kwa hiyo mtu akikuuzia "Marlin mpya" angalia hizo herufi mbili. Henry ya leo ilianza 1996 Brooklyn, imechukua jina la Benjamin Tyler Henry aliyepata hati ya ubunifu wa bunduki yake mwaka 1860 ila sio kampuni yake, na leo wanatengeneza hapa hapa Wisconsin, Rice Lake. Rossi inatoka Brazil. Uberti inatoka Italia, na wao wanatengeneza nakala za zile za zamani kabisa kama 1873. Smith & Wesson nao wameingia 2024 na yao wameiita 1854. Kwa hiyo ukiulizwa "ipi ni imara", jibu linategemea imetoka kiwanda gani na mwaka gani.

Sasa kabla ya bei kuna jambo la makaratasi ambalo kwa sisi tuliohamia huku ni zito kuliko bei. Ukiwa raia au una green card unaruhusiwa kununua, mradi huna katazo lingine. Ukiwa na viza ya muda, ya masomo, ya kutembea, ya kazi, sheria ya shirikisho inakukataza kununua na hata kushika, isipokuwa uwe ndani ya misamaha michache iliyoandikwa, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hapo usisikilize mtu wa kijiweni, muulize wakili, maana kosa la hapo linakula kesi na linakula na makaratasi yako ya uhamiaji. Kwa bunduki ndefu umri ni kuanzia miaka 18 kwa muuzaji mwenye leseni. Utajaza fomu 4473, wataangalia rekodi yako, na kwenye fomu kuna swali linalouliza kama bunduki ni ya kwako mwenyewe. Usimnunulie rafiki ambaye yeye hawezi kununua, hata akikulilia, ni kosa la shirikisho. Majimbo nayo yana ya kwao, Illinois hapo jirani wanataka kwanza kadi ya FOID, yaani kadi ya jimbo ya kumiliki bunduki. Na leseni ya kuwinda hapa Wisconsin, kama umezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 lazima upite darasa la usalama wa uwindaji. Nenda hilo darasa kabla hujanunua bunduki, sio baada, maana mle utazishika za aina aina na utajua mwili wako unapenda ipi.

Tuje kwenye hela. Watu wanaangalia bei iliyoandikwa kwenye kikaratasi, mi nakwambia hesabu hela yote ya mwaka wa kwanza. Bunduki, kodi ya mauzo, kama umeagiza mtandaoni duka la kupokelea linakutoza gharama ya kuhamisha, darubini au saiti nzuri, mkanda, risasi za kujifunzia, vifaa vya kusafishia, na kabati la chuma la kufungia, hasa kama nyumbani kuna watoto, hilo halina mjadala. Ukiwa na dola 1,200 mfukoni usinunue bunduki ya 1,200. Nunua ya 800 au 900 halafu zinazobaki zigeuze risasi, kwa sababu bunduki ya bei kali uliyoipiga mara kumi tu haikusaidii chochote siku kulungu ametokea na moyo unakudunda.

Risasi ndo zitakula hela yako miaka yote, kwa hiyo kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, uichague kwa mfuko kabla ya kuichagua kwa sifa. Kwa kulungu, 30-30 inatosha na inabaki, iko sokoni tangu 1895, kila duka la mji mdogo huku linayo, boksi la 20 mara nyingi unalipata kati ya dola 25 na 40. .357 Magnum ni nzuri kwa mwanzo kwa sababu bunduki hiyo hiyo inameza .38 Special ambayo ni rahisi na haina teke, mama na vijana wanajifunzia vizuri, ila kulungu msogelee, usivuke yadi 100. .44 Magnum ina nguvu zaidi, na bei ya risasi nayo imepanda kidogo. Halafu kuna 45-70, kaliba ya jeshi la Marekani la 1873, vijana wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kiume, aisee ile kitu inapiga teke mpaka bega linaingia rangi, na boksi la 20 linaweza kukutoka dola 50 na kupanda. Nimeona watu watatu wameuza 45-70 zao ndani ya mwaka mmoja kwa hasara. Kama hauendi kukutana na dubu mkubwa, iache. Na majimbo mengine yana masharti ya aina ya risasi kwa kulungu, wanataka za ganda lililonyooka tu, kwa hiyo soma kitabu cha sheria cha jimbo lako kabla hujapenda kaliba yoyote.

Kitu kimoja cha risasi ambacho ni usalama. Nyingi ya bunduki hizi zinabeba risasi kwenye bomba chini ya mtutu, zimelala moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii inagusa kitako cha ile ya mbele, pale penye fataki inayowasha baruti. Ukiweka zenye ncha kali, teke likija inaweza kuwasha ya mbele yake ndani ya bomba. Kwa hiyo ni za pua bapa au pua ya mviringo, au zile za Hornady zenye ncha laini zilizotengenezwa maalumu kwa leva. Sio zote zina bomba lakini. Winchester ya 1895 ina sanduku la risasi chini, ndo ile Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyoshuka nayo Mombasa Aprili 1909, kaliba .405, akawa anaitumia kwa simba kule bara. Wakenya wakinisikia nasema hivyo huwa wanashangaa, bunduki wanayodhani ni ya wachunga ng'ombe wa Texas ilishapita stesheni ya Voi zamani hizo.

Haya, bei zenyewe. Kwa ninavyoziona madukani huku, chini kabisa kuna za .22, Henry ya kawaida ya .22 inazunguka kwenye 400 na kidogo, na kama hujawahi kushika bunduki kabisa, anza hapo, sikutanii, risasi zake ni senti na leva yake imenyooka kama siagi. Hatua inayofuata ni Rossi, R92 kwa kaliba za bastola na R95 ya 30-30 iliyotoka 2023, hizi kwa kawaida hazifiki 1,000. Halafu Henry za kaliba kubwa zinazunguka kwenye 1,000. Marlin za Ruger ziko juu yake, modeli ya 336 ilipotoka 2023 bei ya kiwanda ilikuwa 1,239 na ile ya stenlesi 1895 SBL ilianzia 1,399 mwaka 2021 na imepanda tangu hapo. Juu kabisa Winchester za Miroku na Uberti, hapo unaongelea 1,300, 1,500 na zaidi ukitaka mbao za maua.

Swali la msingi ni hili, ile tofauti ya dola 400 au 500 kati ya Rossi na Marlin imeenda wapi? Sio kwenye shabaha. Hilo watu hawaamini mpaka wajaribu wenyewe, ila kwenye yadi 100, ukiegemeza vizuri, karibu zote hizi zinaweka risasi ndani ya inchi 2 au 3, na moyo na mapafu ya kulungu ni kubwa kuliko hapo mara mbili na zaidi. Hela imeenda kwenye mikono. Kuna mtu amekaa na tupa na msasa akaondoa makali ya ndani, mtu amepaka mbao mafuta mara kadhaa, mtu amekagua saiti iko wima, chuma kimeng'arishwa kabla ya kupakwa rangi. Rossi kile chuma ni kizuri tu, na muundo wa 1892 ni wa Browning huyo huyo na ni mgumu kuuvunja, lakini springi zake zinatoka kiwandani ngumu na leva inakwaruza. Hilo linatibika. Fundi akikupolishia ndani na kukuwekea springi laini, kwa mia moja na kitu hivi unapata bunduki inayoteleza, na hapo bado uko chini ya bei ya wenzako. Ila lazima uwe na fundi, na uwe na subira ya kusubiri wiki kadhaa. Kama hauna, hela ya ziada kwa Henry au Marlin ni hela ya halali, unalipia kazi iliyokwisha.

Ambapo sitoi hela mimi ni kwenye mapambo. Mtutu wa pembe nane unapendeza na ni mzito. Ile bodi ya rangi ya dhahabu ya Henry, yaani sehemu ya chuma ya katikati yenye mitambo, inang'aa ukutani, porini ikiwa na jua kulungu naye anaiona, na ina uzito wa ziada wa kubeba. Leva kubwa ya duara kama za kwenye sinema, inafaa ukivaa glavu nene tu, na baridi ya Novemba ya huku inataka glavu kweli, kwa hiyo hiyo ya wastani nakubali, ile kubwa kupita kiasi hapana. Stenlesi naweza kulipia kwa mtu anayeishi karibu na maziwa au anayewinda kwenye mvua na theluji, kwa sababu rangi ya buluu-nyeusi inataka mafuta kila jioni na wengi wetu tukirudi tumechoka tunasahau. Mbao za kugandishwa kwa gundi hazina uzuri sana ila hazijipindi kwa unyevu.

Na darubini, hapo angalia mapema maana inabadilisha hesabu yote. Marlin, Henry na R95 zinatupa ganda pembeni, kwa hiyo darubini inakaa juu bila shida. Zile za muundo wa 1892 na 1873 zinatupa ganda juu moja kwa moja, darubini ya kawaida haikai. Kama macho yako yameshaanza kukataa maandishi madogo, na mimi nina miaka 47 yangu yameanza, usichukue R92 kwa sababu ni rahisi halafu uje uhangaike nayo. Ama ulipie saiti ya tundu ya nyuma, ambayo kwa kweli ni nzuri sana kwa bunduki hizi, ni kitundu unachungulia na jicho lenyewe linajipanga katikati.

Sasa uko kaunta, mzee wa duka amekuletea. Hapa ndipo utulie. Hakikisha yeye amefungua leva na wewe umeangalia mwenyewe chemba na bomba kwamba hamna kitu, mtutu uelekee pasipo na mtu muda wote hata kama imethibitishwa haina kitu, kidole nje ya triga. Omba ruhusa kwa kila unachotaka kufanya. Wazee wa maduka ya huku ukiwaonyesha adabu na bunduki wanakufungulia mpaka stoo, wakiona unazungusha mtutu kama fimbo wanaipokea na kuirudisha ukutani, na wako sahihi.

Kwanza ishike usiangalie kitu, funga macho, ilete begani, fungua macho. Saiti ziko mbele ya jicho au unazitafuta kwa kupinda shingo huku na kule? Hii peke yake imewaamulia watu wengi kuliko jina lolote. Jaribu ukiwa umevaa jaketi la kuwindia, maana jaketi nene linaongeza urefu wa kitako.

Halafu geuza uchungulie kutoka nyuma kuelekea mbele, mstari wa juu wa bodi na saiti ya nyuma na ya mbele vyote viwe wima pamoja. Saiti ya mbele ikiwa imelalia kushoto au kulia hata kidogo, mtutu umekazwa kupita au haukufika, rudisha, omba nyingine ya aina hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa itanyooshwa. Hii ndo ilikuwa yangu.

Pitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, nyuma ya bodi na mbele yake. Mbao ikiinuka juu kidogo sawasawa pande zote hamna shida, wengine wanaiacha makusudi. Ikiwa upande mmoja ina pengo la kuingiza kadi ya benki na mwingine imebana, huyo aliyeiunga alikuwa na haraka, na aliyekuwa na haraka nje alikuwa na haraka na ndani pia. Angalia vichwa vya skrubu, viwe havijachubuka. Bunduki mpya yenye skrubu iliyochubuka imeshafunguliwa na mtu.

Leva ivute mara kumi na zaidi, polepole kwanza. Sikiliza na uhisi. Ugumu wa springi ni kawaida kwenye mpya, mchanga sio kawaida, ule mkwaruzo wa kama kuna chembe ndani. Ikifungwa ifungike mpaka mwisho ikae, isining'inie. Itikise kushoto kulia ikiwa imefungwa, mchezo mdogo sawa, isiwe inacheza kama mlango uliolegea bawaba. Halafu ivute kwa nguvu na kwa haraka kama utakavyofanya porini, kwa sababu bunduki ya leva ukiivuta kwa huruma ndo inakwama, watu wengi wanaolalamika kukwama wanaivuta nusu. Ila yangu ilikuwa inakwama hata nikiivuta sawasawa, kwa hiyo usimkubali anayekwambia kila kukwama ni kosa la mkono wako.

Muhimu kuliko yote, nenda na risasi za bandia za kaliba hiyo, zile za plastiki au chuma zisizo na baruti wala fataki, zinauzwa bei ndogo sana. Mwambie mzee unaomba upakie tano uzipitishe, na yeye azikague kwanza kwa macho yake. Kuna maduka yatakataa, sawa, shukuru na uamue kama bado unataka kununua pale. Yakikubali, pakia kupitia kile kilango cha pembeni. Kwenye Rossi mpya kinaweza kukuuma kidole gumba, springi ni ngumu na kingo ni kali, sio sababu ya kuikataa, ni sababu ya kuongea bei. Henry nyingi zinapakiwa kwa mbele kwenye bomba, kuanzia 2019 wameanza kutoa zenye kilango, na mi napenda zenye vyote viwili kwa sababu kutoa risasi kwa mbele jioni ukirudi ni salama kuliko kuzipitisha zote chemba kwa leva. Pitisha zote tano, ziingie, zitoke, ziruke mbali. Ikikwama moja rudia. Ikikwama tena iache hapo hapo hata kama una haraka ya msimu.

Triga omba ruhusa ujaribu juu ya ile risasi ya bandia. Iwe na mvuto mmoja unaoisha, sio ngazi ngazi. Nyundo ishushe kwa kidole gumba taratibu ukiwa umeishikilia, uone kama unaimudu na glavu, maana bunduki hizi usalama wake mwingi uko kwenye nyundo. Marlin ina kitufe cha usalama cha kupita pembeni, Winchester nyingi za Miroku zina kitelezi nyuma ya nyundo, Henry haina kitufe kabisa. Hakuna iliyo mbaya, ila uijue yako gizani. Mwisho omba taa ndogo uchungulie ndani ya mtutu, mifereji iwe safi inang'aa mpaka mwisho, na mdomo wa mtutu usiwe na donda.

Ukiridhika, ongea bei kwa adabu. Kwenye bunduki yenyewe huku hawapunguzi sana, faida yao ni ndogo, na ndani ya bei kiwanda kilishalipa ushuru wa asilimia 11 ambao kwa sheria ya 1937 unarudi kuhifadhi wanyamapori, kwa hiyo mimi nikilipa sinung'uniki, ndo zinazonunua misitu ninayowinda. Pa kuongea ni maboksi ya risasi, mkanda, kufungiwa darubini bure. Na uliza gerentii inafanyaje kazi, unairudisha dukani au unaituma kiwandani mwenyewe, nani analipa usafirishaji. Nakala ya risiti iweke mbali na bunduki.

Usinunue Novemba. Nunua kati ya Februari na Agosti, maduka yana nafasi, mzee ana muda wa kukuletea tatu za aina moja uchague iliyokaa vizuri, maana hata kiwanda kizuri hakitoi mbili sawa. Ukifika nyumbani isafishe kabla ya kupiga, mafuta ya kiwandani ni ya kuzuia kutu tu. Nenda kiwanja cha shabaha na aina mbili au tatu za risasi, boksi moja moja, maana bunduki nayo ina chakula inachokipenda, yangu ya sasa inapenda za grain 170, huo ni uzito wa kichwa cha risasi, na za 150 inazitawanya. Baada ya boksi la kwanza kaza skrubu zote, zinalegea, kila leva inafanya hivyo. Ikikwama zaidi ya mara moja ndani ya maboksi hayo matatu, ukiwa umeivuta vizuri, irudishe wiki hiyo hiyo ukiwa na risiti na boksi la risasi ulizotumia, uwaonyeshe palepale. Kiwandani inaweza kukaa mwezi au miwili, na ukiwa umenunua Machi, Juni unayo mkononi tena na Novemba bado iko mbali.